Historia ya Kirekebisha-Joto: Kutoka Kwenye Mayai Hadi Oveni ya Gesi

Kikundi kimoja cha akina mama wanaooka mikate ya kuuza kimetuletea swali ambalo, kusema kweli, lingewafaa mafundi kuliko bwana shamba. Wanasema oveni yao ya gesi haina waya wa umeme wala betri. Ina kifundo cha kuzungushia chenye namba, basi. Ukikizungusha hadi 180, moto unawaka kwa nguvu, halafu baada ya muda unaanza kupungua wenyewe mpaka unabaki mdogo kama wa koroboi. Ukifungua mlango na baridi ikaingia, moto unapanda tena. Wanauliza: ni nani anayeupunguza na kuupandisha?

Nimelichukua swali hili katika kipindi cha wakulima kwa sababu jibu lake linaanzia bandani kwa kuku. Kidude kinachofanya kazi hiyo huitwa themostati. Hapa tutakiita kirekebisha-joto. Watu wengi hudhani kilibuniwa kwa ajili ya mkate au keki za Wazungu. Sivyo. Kilibuniwa kwa ajili ya yai, na kilikaa kwenye mayai karibu miaka 300 kabla ya kuingia jikoni. Tena kina ubaya wake mmoja, ambao mwenye mashine ya kuangulia vifaranga na mwenye oveni ya gesi wote wanapaswa kuujua. Ubaya huo kilizaliwa nao. Tutaufikia.

Tuanze na yai lenyewe. Yai la kuku linataka joto la nyuzi 37 na nusu hadi 38 za Sentigredi, usiku na mchana, kwa siku 21. Katika mashine isiyo na feni, kipimajoto kilichowekwa usawa wa juu wa mayai husoma 39 hivi. Joto likipungua kidogo, kifaranga huchelewa na hutoka mnyonge. Likizidi ndio hatari kubwa: likipita nyuzi 40 na nusu na kukaa hapo saa kadhaa, vifaranga hufia ndani ya ganda. Tetea anajua mambo haya bila kufundishwa. Hujiinua kidogo, huyageuza mayai kwa mdomo, hutoka akanywa maji, akarudi. Taabu ilianza pale binadamu alipotaka kuangua mayai elfu moja bila tetea.

Wamisri walikuwa wa kwanza kujulikana kwa kazi hiyo. Toka zamani sana, kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, walikuwa wakiangua mayai katika tanuri kubwa za matofali ya udongo. Tanuri hizo zilikuwa na vyumba viwili viwili, kimoja juu ya kingine. Mayai yalilazwa chini, na juu yake katika chumba cha pili iliwashwa samadi iliyokaushwa pamoja na majani makavu, moto wa polepole usio na ndimi. Mlinzi alikaa humo humo. Akitaka kujua joto, hakuwa na chombo chochote: alichukua yai akaligusisha kwenye ukope wa jicho lake. Ngozi ya pale ni nyembamba na inahisi vizuri. Likiwa moto mno alifungua tundu la paa, likiwa la baridi alichochea. Baadhi ya tanuri za namna hiyo zinafanya kazi Misri mpaka leo, ijapokuwa nyingi zimebadili samadi kwa mafuta au gesi.

Angalia hapo, ndugu mkulima: kirekebisha-joto kilikuwepo, lakini kilikuwa ni mtu. Jicho lilihisi, mkono ulifungua tundu. Mtu huyo akisinzia, mayai yameharibika. Na kazi hiyo ilirithiwa, baba kwa mwana. Mtu wa mbali aliyejenga tanuri ya namna ile ile nchini kwake hakupata vifaranga, kwa kuwa alibeba matofali bila kuubeba ule ukope.

Sasa twende Ulaya. Mwaka 1572 katika mji wa Alkmaar huko Uholanzi alizaliwa mtu aitwaye Cornelis Drebbel. Alikwenda Uingereza kumtumikia Mfalme James wa Kwanza, na huko London, mnamo miaka ya 1620, alifanya mambo ya ajabu, pamoja na chombo cha kusafiri chini ya maji ya mto Thames. Lakini kwetu sisi jambo lake kubwa ni sanduku la kuangulia mayai ya kuku na bata ambalo liliangalia moto wake lenyewe.

Ili kulielewa, fikiria birika la kunyweshea ng'ombe lenye boya. Maji yakipungua, boya linashuka na kufungua bomba. Maji yakijaa, boya linapanda na kulifunga. Hakuna mtu anayesimama pale. Drebbel alifanya hivyo hivyo kwa moto. Ndani ya sanduku, karibu na mayai, aliweka chupa yenye spiriti. Spiriti ikipata joto hutanuka. Ilipotanuka ilisukuma zebaki iliyokuwa kwenye mrija, zebaki ikapanda na kuinua kijiti kilichoelea juu yake, na kile kijiti kikashusha kifuniko kwenye tundu la moto. Tundu likizibwa, moto hukosa pumzi na kufifia. Sanduku likipoa, spiriti hunywea, zebaki hushuka, kifuniko huinuka, moto huvuta pumzi tena. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni au makaa, maana gesi haikuwepo.

Ukope wa Mmisri uligeuka chupa ya spiriti, na mkono wake ukageuka kijiti. Mambo yote yaliyofuata mpaka kwenye oveni ya akina mama wale yana sehemu hizo mbili: kitu kinachohisi, na mlango unaofungwa. Drebbel mwenyewe hakutajirika. Alikufa London mwaka 1633, miaka yake ya mwisho akiendesha kilabu cha pombe. Vyombo vyake viliendelezwa kidogo na jamaa zake, kisha vikasahauliwa.

Baada ya miaka zaidi ya mia moja, mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Réaumur alizisoma habari za tanuri za Misri akazitolea kitabu mwaka 1749. Alijaribu kuangua mayai kwa joto la samadi mbichi inayochemka yenyewe kwenye lundo, na pia kwa joto la moto wa kawaida. Yeye alileta kipimajoto mahali pa ukope, na hilo lilikuwa jambo la maana. Lakini kipimajoto husema tu, hakitendi. Kinakuambia mayai yanaungua, halafu kinakuachia wewe ukimbie.

Aliyeifikisha kazi pale inapotupasa ni Mfaransa mwingine, jina lake Bonnemain. Mwaka 1783 alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Hapa sitapita haraka, kwa sababu oveni ya gesi ni mjukuu wa chombo hiki moja kwa moja.

Wote mnaokaa katika nyumba za mabati mnajua kwamba jua likikaza bati hulia juu ya kichwa chako, ta, ta! Jioni likipoa hulia tena. Bati limerefuka kwa joto, na sasa linarudi. Metali zote hufanya hivyo, ila hazilingani. Risasi hurefuka zaidi ya mara mbili ya chuma. Bonnemain akachukua bomba la risasi, ndani yake akapitisha ufito wa chuma, akavifunga pamoja upande mmoja tu. Akalitumbukiza bomba hilo katika maji ya moto yaliyokuwa yakizunguka kwenye mashine yake. Maji yalipopata joto, risasi ilirefuka kuliko chuma. Tofauti ile ilikuwa ndogo, haionekani kwa macho, lakini upande wa pili aliweka wenzo uliokuza mwendo ule mdogo mpaka ukatosha kuziba tundu la hewa la moto. Hakuna spiriti, hakuna zebaki, hakuna chupa ya kuvunjika. Metali mbili tu.

Kisha akaongeza skrubu ya kuchagulia joto. Ukiizungusha huku, mlango unafungwa mapema. Ukiizungusha kule, unachelewa. Kwa maoni yangu skrubu hiyo ni kubwa kuliko bomba lenyewe, kwa sababu ndiyo iliyomfanya mwenye mashine awe bwana wa joto lake. Kile kifundo chenye namba kwenye oveni ni skrubu ya Bonnemain iliyovalishwa plastiki. Mtu huyu aliangua kuku wa kuuza katika soko la Paris na kwa nyumba ya mfalme, mpaka mapinduzi ya mwaka 1789 yalipovuruga mambo na biashara yake ikaanguka.

Vitabu vingi husema kirekebisha-joto kilivumbuliwa na Mskoti aitwaye Andrew Ure mwaka 1830. Ni kweli kwamba Ure ndiye aliyekipa jina la themostati, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya joto na kusimama. Naye alitumia vipande viwili vya metali mbalimbali vilivyoshikamanishwa bapa kwa bapa. Kimoja kikirefuka kuliko mwenzake, vyote viwili hupinda pamoja kama upinde, na ule upinde unafungua au kufunga mlango. Ni kazi nzuri. Lakini kutoa jina si kuzaa, na kuku wa Paris walikuwa wamekwisha liwa zamani.

Mwaka 1881, huko London, Charles Hearson alileta kitu ambacho wengine wenu mnacho nyumbani: kile kisahani cha bati la shaba, bapa, cha mviringo, kinachokaa juu ya mayai katika mashine ya mafuta ya taa. Ni mabati mawili membamba yaliyolehemiwa ukingoni, na ndani mna matone machache ya majimaji mepesi kama etha. Majimaji hayo yamechaguliwa ili yachemke kwenye joto lile lile la kuangulia. Yakichemka, mvuke unakivimbisha kisahani, kinasukuma kijiti, kijiti kinainua wenzo, na wenzo unainua kifuniko cha bomba la taa.

Angalia tofauti yake na Drebbel. Hearson haupunguzi moto. Taa inaendelea kuwaka vile vile, ila hewa moto inaachiwa ipotee juu badala ya kuingia kwenye mayai. Kwa nini? Kwa sababu utambi wa mafuta ya taa si rahisi kuupandisha na kuushusha kila dakika. Ukiushusha mno unazimika, ukiupandisha mno unatoa masizi. Hiyo ndiyo sababu mashine za mafuta ya taa hula mafuta mengi hata siku za joto.

Gesi ni habari nyingine. Gesi inapita katika bomba, na kitu kinachopita katika bomba unaweza kukibana. Huhitaji wenzo mrefu wala kifuniko kikubwa. Kizibo kidogo mbele ya tundu dogo, kikisogea milimita moja tu, moto unakuwa mkubwa au mdogo pale pale. Kusema kweli gesi na kirekebisha-joto vilikuwa vikitafutana.

Hata hivyo vilichelewa kukutana. Gesi ya makaa ya mawe ilianza kupitishwa kwa mabomba chini ya barabara za London tangu miaka ya 1810, kwa ajili ya taa. Mwaka 1826 James Sharp wa mji wa Northampton alitengeneza jiko la gesi, na miaka kumi baadaye akafungua kiwanda cha majiko hayo. Lakini karibu miaka mia moja tena ilipita, na mpishi wa oveni ya gesi bado alikuwa akikisia. Alitia mkono ndani akahesabu, au alitia karatasi nyeupe au unga kidogo akatazama unavyogeuka rangi. Yaani Waingereza wenye viwanda na reli walikuwa jikoni kwao wakipima joto kama yule Mmisri na ukope wake.

Kulikuwa na sababu. Yai linataka nyuzi 38, mkate unataka 200 na zaidi. Kwenye joto hilo risasi ni laini mno, spiriti imekwisha chemka, na lehemu inakaribia kuyeyuka. Ilitakiwa metali inayorefuka sana na nyingine isiyorefuka kabisa, na zote mbili zistahimili moto. Ya kwanza ilikuwepo, ndiyo shaba ya manjano. Ya pili iligunduliwa mwaka 1896 na Mswisi Charles Édouard Guillaume, aliyekuwa akifanya kazi karibu na Paris katika ofisi ya kimataifa ya vipimo. Alikuwa akitafuta metali ya kutengenezea fito za kupimia urefu zisizobadilika na hali ya hewa. Akakuta kwamba chuma kikichanganywa na nikeli kiasi cha asilimia 36 karibu hakirefuki. Mchanganyiko huo uliitwa Inva, na mwaka 1920 Guillaume alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi hiyo.

Sasa vitu vyote vilikuwa mezani. Kampuni ya Marekani ilikwisha kuuza oveni ya gesi yenye kirekebisha-joto katika miaka ya 1910, kwa jina la Lorain. Uingereza mwaka 1923 kampuni ya Radiation ilileta majiko yenye kirekebisha-joto kilichoitwa Regulo, kikiwa na kifundo cha namba. Ukikuta katika vitabu vya zamani vya mapishi vya Kiingereza maneno "Regulo 4", ujue ndicho hicho. Namba 4 ni karibu nyuzi 180 za Sentigredi.

Ndani ya Regulo kulikuwa na nini? Bomba la shaba ya manjano limejitokeza ndani ya oveni, juu, mahali pa moto. Ndani ya bomba mna ufito wa Inva, umefungwa kwenye ncha ya mbali ya bomba. Upande wa pili wa ufito, nje ya oveni, kuna kizibo, na gesi yote ya kichomeo inapita hapo. Oveni ikiwa baridi, kizibo kiko mbali na tundu, gesi inapita tele. Oveni ikipata moto, shaba inarefuka na kuuvuta ule ufito ndani, kizibo kinakaribia tundu, moto unapungua. Bomba la sentimita 30 likipashwa kwa nyuzi 200 hurefuka milimita moja na kidogo tu. Mwendo wenyewe ndio huo, na unatosha. Kile kifundo cha namba hubadilisha umbali wa kuanzia kati ya kizibo na tundu. Kwa lugha nyingine, ni bomba la Bonnemain, risasi imebadilishwa kwa shaba, chuma kimebadilishwa kwa Inva, tundu la hewa limebadilishwa kwa tundu la gesi.

Basi akina mama, jibu la swali lenu ni hilo. Anayepunguza moto ni shaba inayorefuka. Na kutokana na hilo mtaona kwamba kuzungusha kifundo hadi mwisho ili oveni ipate moto upesi hakusaidii kitu. Oveni ikiwa baridi, kizibo kiko wazi na moto ni ule ule, uweke 180 au 250. Utakachopata ni kusahau kukirudisha, na mkate ukaungua.

Oveni nyingi zilizotengenezwa baadaye hazina bomba la shaba wala Inva. Zina kijiti chembamba kama penseli ndani ya oveni, na kutoka hapo mrija mwembamba sana wa shaba, mwembamba kuliko utambi wa kiatu, unakwenda mpaka nyuma ya kifundo. Kijiti na mrija vimejazwa majimaji na kuzibwa. Oveni ikipata moto majimaji yanatanuka, yanasukumana katika mrija, na mwishoni yanavimbisha kifuko kidogo cha metali kinachosukuma kizibo. Huyu sasa si mjukuu wa Bonnemain. Ni Drebbel amerudi, chupa yake ya spiriti imekuwa kijiti na zebaki yake imekuwa kifuko. Na kisahani cha Hearson nacho hakikufa: kiliwekewa vali ya gesi, na majiko ya gesi ya kulelea vifaranga yenye kisahani kinachobana gesi yangali yakitengenezwa.

Sasa tuje kwenye ule ubaya. Nilipita kwa kikundi kingine cha akina mama waokaji, nikamkuta mwenyekiti wao ameinamia oveni. "Shikamoo mama." "Marahaba bwana shamba, karibu, ila leo hatuna mkate wa kukupa, wote makaa. Fundi aliyetuuzia anasema tuweke namba ya chini. Tumeweka ya chini kabisa, bado unaungua!" Tukaitazama pamoja. Ule mrija mwembamba ulikuwa umebanwa na sinia nzito mpaka ukakunjika kama jani, na pale kwenye kunjo ulikuwa umepasuka. Majimaji yalikuwa yamevuja yote.

Fikiri ilivyo. Majimaji yakivuja, hakuna cha kuvimbisha kifuko. Kifuko kisipovimba, kizibo hakisogei. Kizibo kisiposogea, gesi inapita tele saa zote, uweke namba yoyote. Oveni inaamini daima kwamba iko baridi. Kisahani cha mashine ya vifaranga nacho kikitoboka au lehemu ikiachia, etha hutoroka, kisahani hakivimbi, kifuniko cha taa hakiinuki, na asubuhi unakuta mayai yameiva. Na ile chupa ya Drebbel ingepasuka, zebaki ingeshuka na tundu la moto likabaki wazi. Chombo hiki, kwa namna hizi tatu, kikifa hufia upande wa moto. Hakikufi kwa kuzima. Ndiyo maana mwenye kisahani haachi kukijaribu kabla ya kuweka mayai: kitie katika maji ya nyuzi 45 hivi, kama ni kizima kitavimba mbele ya macho yako, ukikitoa kitanywea. Kisipovimba, kitupe. Na mrija wa oveni usikunjwe kwa ukali, usikwanguliwe kwa kisu, wala sinia isiegemezwe juu yake.

Kuna jambo la pili, nalo linagusa roho za watu. Oveni ikifikia joto, kizibo karibu kinafunga kabisa. Kama kingefunga kabisa, moto ungezimika. Halafu oveni ingepoa, kizibo kingefunguka, gesi ingemwagika bila moto. Kwa hiyo waliotengeneza vali hizi waliacha njia ndogo ya pembeni, kitundu kidogo mno, ambacho kizibo hakikifikii. Gesi kidogo hupita hapo daima, ndio ule moto wa koroboi mnaouona. Kitundu hicho kina skrubu yake. Kikizibwa na uchafu, au fundi akiikaza ile skrubu kupita kiasi, au jiko la gesi ya namna moja likatiwa gesi ya namna nyingine bila kurekebishwa, moto hufa kimya kimya katikati ya kuoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kukaa. Mtu akija na kiberiti, hiyo ni habari nyingine. Ukisikia harufu yake funga mtungi kwanza, fungua milango, usiwashe wala kuzima kitu chochote.

Kwa ajili hiyo oveni za kisasa zina mlinzi wa pili, wala si ndugu yake kirekebisha-joto. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua jambo ambalo baadaye lilieleweka kuwa ni hili: metali mbili zilizounganishwa, ncha moja ikiwa motoni na nyingine penye baridi, hutoa umeme mdogo sana. Katika oveni, ncha moja hukaa ndani ya mwali wa moto. Ule umeme mdogo huipa nguvu sumaku inayoshikilia vali nyingine iwe wazi. Hii ndiyo sababu unapowasha oveni unatakiwa ukandamize kifundo na kukishika kwa muda: unashikilia vali kwa mkono mpaka ncha ipate moto na sumaku ikupokee. Moto ukifa, ncha hupoa, sumaku huachia, springi hufunga gesi. Na mlinzi huyu akikatika waya au akiungua, gesi hujifunga vile vile. Yeye hufia upande wa kuzima.

Kwa hiyo mkinunua oveni ya gesi iliyotumika, msiulize tu kama kifundo kinazunguka. Iwasheni, subirini moto upungue, muone kama unapungua kweli. Kisha funga gesi kwenye mtungi mpaka moto ufe, kifundo cha oveni kikiwa bado wazi, na usikilize. Mlinzi akiwa mzima, baada ya muda mfupi, chini ya dakika mbili, utasikia "ta!" ya vali ikijifunga. Halafu rudisha kifundo kwenye sifuri kabla ya kufungua mtungi tena. Oveni za zamani nyingi hazina mlinzi huyo. Hizo hazifai kuachwa zikiwaka huku mwokaji amekwenda kuteka maji.

Neno moja kwa wenye mitambo ya gesi ya samadi, kama ile iliyojengwa na CAMARTEC ya Arusha tangu miaka ya 1980. Gesi ya samadi ina msukumo mdogo kuliko gesi ya mtungi, tena ina kile kinachonuka kama yai viza, ambacho hula shaba polepole. Vali ya oveni ya mtungi ikiunganishwa na mtambo wa samadi bila kubadilishwa vitundu, moto wake utakuwa dhaifu, ile njia ya pembeni haitatosha kuushika, na baada ya muda kizibo kitaota ukoko na kukwama. Kwa kuoka kwa gesi ya samadi, tumieni jiko lililotengenezwa kwa ajili yake, na mrekebishaji abaki kuwa ni mama mwenyewe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chanjo ya mdondo wa kuku. Kwaherini.